Sare ya Shule ya Juu ya Tanuri

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako. Sisi ni wazima, baridi tu ya asubuhi ndiyo inayotutambua kuwa ni wageni. Nimepokelewa vizuri na kazi nimeshaanza. Chumba chetu ni kimoja. Dirisha linatazama ukuta, na ukiinama kidogo unaona kipande cha uwanja wa shule. Hiyo shule nitaifikia, ngoja kwanza.

Kazi yangu ni hotelini, kule chini kabisa kwenye chumba cha kufulia. Napiga pasi shuka. Usifikirie pasi kama yako, hii ni mashine ndefu kama kitanda, mnasimama wawili, huyu ncha hii na yule ncha ile. Mwenzangu hatusikilizani lugha. Tunaongea kwa nyusi. Shemeji yako bado anakunja nondo kwenye majengo, akirudi vidole havifungi hata kwenye kikombe.

Sasa neno lenyewe. Uhamiaji wamesema mtoto aliyefika umri wa kusoma haingii mpaka kuwe na barua ya shule inayosema imempokea. Hakuna barua, hakuna kibali. Kwa hiyo siku yangu ya mapumziko nazunguka na shule kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

Nimeona tatu. Ya kwanza ile kubwa yenye bwawa la kuogelea. Mlinzi aliniuliza, "Umekuja kwa ile kazi ya jikoni?" Nikamwambia nimekuja kuulizia nafasi za wanangu. Akanipa karatasi ya ada kwa vidole viwili, kama ina moto. Shemeji yako alipoisoma aliigeuza nyuma, akasema labda huko wameandika kuwa ni utani.

Ya pili ni ya serikali, ndiyo hii ya dirishani. Haina ada. Mwalimu aliyenipokea mpole, masikini, mpaka kiti alinivutia. Lakini wao hawaandiki barua kwa mtoto ambaye hajaingia nchini. Nikarudi uhamiaji. Nikamwuliza yule kijana wa dirishani, "Sasa baba, barua haitoki mpaka mtoto aingie, na mtoto haingii mpaka barua itoke. Mimi nianze na kipi?" Akasema, "Mama, sogea, kuna watu nyuma yako."

Ya tatu iko juu ya tanuri la mikate. Ina mwalimu mstaafu, mwanamke, na vyumba viwili. Sakafu inapata joto kutoka chini kwa waoka mikate, watoto wanavua viatu mlangoni. Ada yake inazungumzika. Mimi sikusoma, dada, lakini choo najua kukikagua. Nilikwenda chooni kwanza kabla ya kusalimiana vizuri. Ni kisafi, na kuna ndoo ya maji. Nikaridhika nusu.

Sharti langu ni lilelile: waende wote wawili au asiende hata mmoja. Unajua nasema nini. Pesa ya baba ilipomtosha mtoto mmoja tu, ulikwenda wewe, mimi nikabaki kuchota maji. Sikulaumu, ulikuwa umeshaanza. Hizi herufi ninazokuandikia ni zile ulizonifundisha wewe jioni chini ya meza. Lakini mpaka leo nikipewa karatasi naizungusha macho kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua. Kwa wanangu sitaki.

Simu nimeacha kama ulivyoomba. Kweli siku ile nilipopiga huko kwako, Sisimizi wangu alishinda na njaa akingoja simu iongee tena, na mtoto wa miaka mitano hafundishiki kungoja. Tuandikiane tu, Dereva wa lori la saruji atakuwa tarishi wetu.

Bibi mwambie mama amesema apunguze kukemea watu wazima. Miaka saba tu, tulimtania jina la Bibi naye akalichukulia cheo. Wasikose shule hata siku moja. Zile nafasi unajua nilivyozipata, mpaka ukaniletea kigoda kwenye foleni.

Mdogo wako,
Mama Bibi


20 Januari

Mdogo wangu mwenye pasi ya kulalia,

Barua nimeisoma dukani kwa sauti, wateja wakaacha kujipima nguo. Huyo wa "Mama, sogea" wamemtukana hapa mpaka nikamwonea huruma.

Watoto hawajambo. Sisimizi amemaliza viatu kwa kupiga mateke mguu wa cherehani yangu. Nikimwambia, "Mwanangu, hii cherehani ndiyo inayokulisha," ananijibu, "Mbona haina mdomo?" Bibi naye jana alimwambia mteja kwamba gauni halijambana, yeye ndiye amelibana. Yule mama alitaka kuondoka. Ikabidi nicheke ili naye acheke.

Jambo moja likufurahishe. Sisimizi anawatangazia watoto wa jirani kwamba mama yake amekwenda kusoma. Nikamwuliza nani kakwambia? Akasema, "Si mlisema mama yuko mbali, anahangaika na shule?" Nimemwacha. Si uongo sana, maana shule unazozizunguka wewe hata mkaguzi hazifikii.

Hiyo ya tanuri ndiyo, ishike. Sakafu yenye joto, mwalimu mzee, watoto wachache, unataka nini tena? Bwawa? Sisimizi kuoga kwenyewe ni vita. Niambie sare yao ni rangi gani. Siwezi kukubali wanangu wafike na sare ya dukani na mimi fundi nipo hai.

Na usijisumbue sana na yale ya zamani. Ninayakumbuka kuliko wewe.

Dada yako,
Fundi


6 Februari

Dada yangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Wamepata! Wote wawili! Mwalimu wa juu ya tanuri amewaandika mbele ya macho yangu, jina la Bibi, jina la Sisimizi, mmoja chini ya mwenzake. Nilimwomba anionyeshe tena. Akacheka, akanionyesha tena. Nusu ya ada ameshaipokea. Barua ya kupeleka uhamiaji ataandika wiki hii, naye ana mhuri wake, nimeuona. Shemeji yako aliposikia alilala hapohapo na viatu, nadhani ni furaha.

Sare ni kijani kibichi, kola nyeupe. Bibi gauni la marinda, Sisimizi kaptula na shati la kijani. Mabegani weka nafasi, na upindo uwe mpana wa kutosha kushushwa, sitaki kununua tena mwakani.

Nimeshaanza kupanga chumba. Kitanda kitasogea ukutani, hawa wawili watalala upande wa dirisha. Watakuwa wanaona wale watoto wa serikali wakicheza. Jana nilisimama katikati ya chumba nikapima kwa hatua watakapoweka mikoba, mwenye nyumba akapita akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ila usiwatoe shuleni kabla sijakwambia. Nasubiri barua tu.

Mwenye furaha,
Mama Bibi


19 Februari

Mwanafunzi wetu wa ughaibuni,

Sare tayari. Kijani nilichopata ni kilekile cha majani baada ya mvua. Upindo nimeupa vidole vinne, kwa ndani nimeushonea kamba ili usichakae mapema. Sisimizi amegoma kuivua. Amelala nayo, amekula nayo, jana nikamkuta anamfundisha kuku wa jirani kupanga mstari. Bibi amejitazama kwenye kioo changu kikubwa, akageuka huku, akageuka kule, kisha akaniambia, "Mama mkubwa, hii imekaa." Nilitoka nje kidogo.

Nilipita shuleni kwao kumsalimia Mwalimu Mkuu, nikampelekea pazia la ofisi, lile la zamani lilikuwa la aibu. Amefurahi sana na anakusalimu. Wameimbiwa na wenzao, kila mmoja kapewa rula.

Sisimizi amejua kutunga uzi kwenye sindano, kwa mara moja tu! Macho ya mtoto si kama haya yangu.

Niambie siku ya safari nimwambie Dereva asipakie mtu mbele.

Dada yako,
Fundi


13 Machi

Dada mpendwa,

Sisi wazima. Barua ya shule imechelewa kidogo, mwalimu anangoja mambo ya mhuri. Usiwe na wasiwasi, mimi mwenyewe sina.

Hotelini wamepunguza zamu kwa kuwa wageni si wengi. Napata muda wa kupumzika. Shemeji yako anasema nimepungua, lakini yeye husema hivyo akitaka nimuulize kama amepungua.

Mama wa jirani hapa ana vitabu vya watoto wake waliokua. Ameniazima kimoja chenye picha. Nakisoma polepole, nataka Bibi akifika asiniache sana.

Niambie wanafundishwa nini sasa. Sisimizi anashikaje penseli? Mwalimu wa darasa lake bado yule mrefu? Mwambie nakumbuka alivyonisaidia. Niandikie kila kitu, hata kama unaona si kitu.

Mama Bibi


27 Machi

Mdogo wangu,

Kila kitu kinaendelea. Wanajifunza saa na mambo ya hesabu ndogondogo, kuongeza na kupunguza. Penseli anashika vizuri. Mwalimu mrefu yupo.

Ni lini lakini? Nasema ni lini, maana kuna mambo ya kupanga. Mhuri gani huo unaokauka miezi? Mpelekee mwalimu wako salamu zangu, mwambie fundi akichelewesha nguo namna hii anarudishiwa kitambaa.

Sare za kijani nimezishusha upindo mara moja. Watoto wa rika hili wanakua kama wanamwagiliwa, na kitambaa nacho kimesinyaa kwa kufuliwa. Siku hizi wanazivaa kila siku, nimeshindwa kuwakataza.

Niambie ni lini.

Fundi


24 Aprili

Dada yangu,

Leo nakwambia kweli, na naomba unisamehe kwa kuwa nilikuficha.

Barua ya mwalimu wa juu ya tanuri ilitoka tangu mwezi wa pili. Niliipeleka uhamiaji nikiwa nimevaa lile gauni uliloniagia nalo. Yule kijana akaitazama, akatazama kwenye kompyuta yake, akanirudishia. "Hii haimo. Hili ni darasa, mama, si shule." Nikamwambia lina mwalimu, lina watoto, lina choo. Akasema sikatai, lakini haimo. Nikaomba kuongea na mkubwa wake. Mkubwa wake naye akatazama kwenye kompyuta ileile.

Sikukuandikia kwa sababu nilidhani nitapata nyingine kabla hujajua. Nimekwenda shule zote ambazo miguu inafika. Iliyomo kwenye kompyuta yao, ada yake hatuiwezi. Tunayoiweza haimo. Niliomba hata usafi kwenye ile ya bwawa, nimesikia watoto wa wafanyakazi hupunguziwa. Wakaniambia wafagiaji wao wanaletwa na kampuni, si wafanyakazi wa shule. Mwalimu wa tanuri alinirudishia kiasi, kingine kilishatumika. Simlaumu, analia kuliko mimi.

Dereva aliponiona hivi akatania kwamba Sisimizi anaenea kwenye sanduku la spana. Nikamwambia asirudie tena, naye akaona amekosea.

Nilimwambia shemeji yako turudi. Akaniuliza, "Turudi tukafanye nini?" Unajua kazi za majengo huko zilivyosimama. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza.

Kwa hiyo nimekwisha kuchagua. Wabaki hukohuko. Shule yao ni nzuri, ni rahisi, haidai mengi, Mwalimu Mkuu anawajua. Hakuna shule yoyote niliyoiona huku inayoifikia, hata ile ya bwawa. Nikikosa usingizi najiambia hivyo tu: wana viti vyao, wote wawili, na kesho asubuhi watavikalia. Sijui ningekuwa mtu wa namna gani leo kama tungewatoa.

Waambie mama anakuja mwisho wa mwaka. Waambie vizuri, wewe unajua kusema.

Mdogo wako,
Mama Bibi

Nimefungua tena bahasha. Nimekwenda kumpa Dereva barua, anapakia. Akanisifia wanangu. Akasema, "Wale watoto wako wana bidii, mama. Kila nikifika kwa dada yako asubuhi saa nne nawakuta chini ya meza ya kukatia, mdogo anatunga uzi, mkubwa anapiga upindo kama fundi mzima." Nikamwambia labda ni siku za mapumziko. Akasema hapana, yeye hufika katikati ya wiki.

Dada, kwa nini wanangu wako chini ya meza yako saa nne asubuhi siku ya shule?


5 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, vipande vyake Sisimizi ametengenezea ndege.

Niliwatoa. Uliposema wamepata nilikwenda kuaga. Nilikwenda kwa heshima, na pazia mkononi, kama tulivyolelewa, mtu haondoki mahali alipotendewa wema kimyakimya kama mwizi. Nilitaka Mwalimu Mkuu asikie kwangu, asisikie barabarani. Nikasema, "Mwalimu, wanangu wanakwenda kwa mama yao, tumekuja kushukuru." Akasimama, akanishika mikono yote miwili. Watoto wakaimbiwa. Nilitoka pale nimejaa, mdogo wangu, nilitembea kwa maringo mpaka dukani.

Kesho yake kiti kimoja kilikuwa na mtoto mwingine, na cha pili hakikumaliza mwezi. Unaijua ile foleni. Sare zao za zamani niliwapa haohao waliochukua nafasi, tena nilizipunguza mimi mwenyewe bila malipo.

Ndiyo, ulisema nisiwatoe. Nilisoma. Nikasema huyu naye na hofu zake, kiti kimepatikana, nusu imelipwa, kimebaki kipande cha karatasi. Nilihesabu ni siku chache. Kisha zikawa si chache, na kila nikishika kalamu nikaona aibu, nikakuandikia habari za penseli.

Lakini na wewe je? Uliandika "mhuri". Miezi miwili mhuri! Ungeniambia Februari kwamba barua imekataliwa, ningekimbia shuleni hata peku, labda kiti kimoja kingekuwa bado na vumbi la makalio ya mwanangu. Unaniuliza kwa nini wako chini ya meza? Niwaweke wapi? Huko wewe umekaa unanificha ili nisihuzunike, huku mimi nimekaa nakuficha ili usihuzunike, na watoto wamekaa chini ya meza.

Samahani. Nimesema vibaya, lakini sifuti.

Nimemrudia Mwalimu Mkuu. Pazia langu lipo dirishani, limekaa vizuri, sikuweza kulitazama. Amesema mpaka mwakani, na si ahadi, maana foleni inaanza upya na mlango uko wazi kwa wote. Ziko shule za kulipia. Nimezunguka nazo kama wewe. Moja iko ng'ambo ya barabara kuu, inapokea hata leo, haiulizi sare wala barua. Inauliza ada. Kwa hicho mnachotuma na hiki changu cha cherehani, inatosha mtoto mmoja. Nimejaribu kuwaomba wapunguze, nikawaambia nitawashonea mapazia ya shule nzima. Wakasema wana fundi.

Mtoto mmoja. Unajua sikuandika neno hilo kwa mkono mwepesi.

Sema wewe, aende nani. Mimi siwezi kuchagua. Niliwahi kuchaguliwa mara moja, nimeishi nayo.

Dada yako


22 Mei

Dada,

Sina hasira. Nilikuwa nayo, nikaipeleka kazini, imeisha kwenye shuka. Mwenzangu wa upande wa pili aliona ninavyovuta ncha yangu, akasimamisha mashine akanishika bega. Hatuna lugha lakini alielewa kuwa ni watoto.

Umesema sawa kuhusu mhuri. Tusiliongelee tena.

Nimeomba zamu ya pili. Wakasema tutakuita, bado hawajaniita. Shemeji yako ameomba kulala kazini ili kukata nauli, anarudi Jumapili. Hata hivyo ni mmoja tu. Tumepiga hesabu kwa maneno, tukapiga kwa kalamu, tukapiga kwa vidole.

Aende Sisimizi.

Ngoja nikueleze, ili usidhani nimerusha sarafu, wala usidhani ni kwa kuwa ni mvulana. Bibi anajua kusoma. Si sana lakini anajua, kabla sijaondoka alikuwa akinisomea mabango ya barabarani. Sisimizi hajui hata jina lake likoje. Nikimwacha yeye atabaki gizani kabisa. Bibi nitamwacha penye mwanga kidogo. Ndivyo ninavyojiambia. Najua ni maneno yaleyale baba aliyoniambia mimi kwa upande mwingine: "Wewe dada yako atakufundisha." Nimeyasikia yakitoka mdomoni mwangu, kwa sauti yake, mpaka shemeji yako akaniuliza naongea na nani.

Lile sharti langu sitaki ulitaje tena.

Mwambie wewe, dada. Mimi nikimwandikia atajua nimelia, yeye anatazama karatasi kwanza kabla ya maneno. Usimwambie ni mpaka lini. Mfundishe cherehani vizuri, basi, kama anabaki nayo ajue kweli, asijue kidogokidogo kama mimi na hizi herufi. Na jioni mnapomaliza mpe hata ukurasa mmoja.

Mwisho wa mwaka sitakuja. Nauli ni muhula mzima wa Sisimizi. Nimeona bora alipiwe.

Kengele ya ile shule ya dirishani imelia. Wanatoka. Leo wamevaa masweta. Kuna mmoja ana mkoba mkubwa kuliko yeye, kila siku anakuwa wa mwisho, na kila siku nasimama mpaka nimwone amefika getini.

Sare za kijani usizifumue.

Mama Bibi


10 Juni

Kwa Mama,

Shikamoo mama. Mimi ni mimi Bibi naandika mwenyewe. Mama mkubwa amenipa karatasi lakini amesema hatanisaidia, halafu ametoka nje.

Sisimizi anakwenda shule. Mimi nampeleka mpaka ng'ambo ya barabara kuu, nashika mkono, natazama kushoto na kulia. Halafu narudi dukani. Alilia siku mbili, akasema kwa nini Bibi haingii. Nikamwambia mimi nimeshamaliza.

Nimejua matundu ya vifungo. Mama mkubwa anasema yangu ni mazuri kuliko ya fundi wa stendi. Nimeshona ya gauni la bibi harusi, na aliyevaa hakujua ni mimi.

Sisimizi anavaa ile ya kijani kwa sababu shule yake inakubali nguo yoyote. Na mimi navaa yangu dukani. Mama mkubwa alisema nivue nisiichafue, halafu akasema basi vaa. Ameshusha upindo wote, hakuna tena wa kushusha.

Jioni Sisimizi ananifundisha alichofundishwa. Tunakaa chini ya meza. Anakosea lakini namwacha.

Watoto wa shuleni wamemwuliza hii ni sare ya shule gani. Amesema ni ya shule anayosoma mama yake, mbali, ina sakafu ya moto. Wamemwuliza mama yako yuko darasa la ngapi? Hakujua. Amesema nikuulize. Na anauliza shule yenu inafunga lini.

Nimemwambia nitakuuliza.

Mwanao,
Bibi